Kumlea kiwavi wa mdimu pamoja na watoto wa chekechea

Mtoto akiona kiwavi, hutafuta kijiti cha kumpondea. Simlaumu, maana sisi wakubwa ndio tuliomwonyesha. Hapa Muheza, penye michungwa kila upande, kiwavi huyohuyo namlea darasani na watoto wa miaka 4 hadi 6, mpaka awe kipepeo. Kazi yote ni mwezi mmoja na ushei.

Hatua ya 1: Mtafuteni. Mvua zikishanyesha na mdimu, mlimau au mchungwa ukachipua, kagueni majani machanga. Yai ni la mviringo, la manjano hafifu, dogo kama kichwa cha pini. Kiwavi mchanga amefanana na kinyesi cha ndege. Waacheni watoto wadanganyike kwanza, halafu waulizeni kwa nini amejifananisha na uchafu. "Ili asiliwe," watasema wenyewe. Mwenye manyoya msimguse, huyo anawasha. Wa mdimu hana manyoya.

Hatua ya 2: Nyumba yake. Boksi lililofunikwa kitambaa cha pazia jepesi latosha. Msitumie chandarua chenye dawa, kitamuua. Tawi likae kwenye chupa ya maji, na mdomo wa chupa uzibwe kwa kitambaa asije akatumbukia.

Hatua ya 3: Zamu. Kila siku watoto wawili walete majani mabichi ya mti usiopuliziwa dawa, waondoe kinyesi, kisha wajibu swali moja: leo anahitaji nini? Akiguswa, hutoa kichwani pembe mbili za rangi ya chungwa zenye harufu kali. Darasani kwangu mmoja alisema amekasirika, mwingine akasema ameogopa. Sikuamua. Niliwauliza wamejuaje, wakabishana mpaka kengele ikalia, na aliyekuwa akimchokoza akarudisha mkono bila kuambiwa.

Hatua ya 4: Pupa. Akishanenepa huacha kula, hujifunga kwenye kijiti kwa uzi mwembamba kama mtoto kwenye mbeleko, kisha huwa pupa, yaani hukaa kimya ndani ya ganda akigeuka kipepeo. Hapo watoto hawatulii tena: kila asubuhi huniuliza kama amekufa. Subirini wiki mbili au tatu, bila kuligusa tawi.

Hatua ya 5: Msiwafiche kifo. Mwaka jana pupa yetu moja ilitoboka, wakatoka nyigu wadogo waliokuwa wakimla kwa ndani. Nilitaka kuitupa kabla watoto hawajafika. Nashukuru sikuitupa. Walilia, nami nikakaa nao chini kwenye mkeka, sikuharakisha somo. Baadaye binti mmoja akauliza kama nyigu nao walikuwa na njaa. Swali lile nisingeweza kulifundisha kwa maneno yangu. Ganda walilizika chini ya mdimu, nikawaachia.

Hatua ya 6: Kumwachia. Kipepeo hutoka na mabawa yaliyokunjamana, mabichi. Asishikwe mpaka yakauke, saa moja au mbili. Ni mweusi mwenye madoa ya manjano. Pelekeni boksi uani jua likishapanda, mfungue, mkae kando.

Wenye miche wana haki ya kulalamika, kwani viwavi wachache wanaweza kuumaliza mche mdogo kwa siku chache. Mkiwakuta huko msiwaue. Kateni jani walilokalia, mlifunge kwenye tawi la mti mkubwa, na kazi hiyo wapeni watoto.