Kumjenga mwovu asiyesameheka katika simulizi ya kutisha

Jini linatisha, ila ni vigumu kulichukia, kwa sababu halikupewa dhamana ya mtu. Chuki humwangukia binadamu mwenye akili timamu aliyeaminiwa.

Tuseme unaandika simulizi ya maneno 3,000 kuhusu msukule, yaani mtu anayedhaniwa amekufa, kumbe kafichwa kichawi, kakatwa ulimi, analishwa pumba na kulimishwa shamba. Mwovu awe baba mdogo aliyeachiwa binti yatima wa kaka yake. Mpe huyo binti maneno 400 ya kuishi kabla hajaguswa: jina, mchezo anaoupenda, neno analolikosea kila mara. Wengi huruka hapa, kisha wanashangaa mbona kifo chake hakimuumizi msomaji.

Ubaya mdogo utangulie. Mbele ya mgeni, baba mdogo amnyang'anye mtoto kipande cha nyama sahanini, huku akicheka. Hakuna msomaji aliyewahi kuona msukule. Kunyang'anywa wote tunakujua, na hasira hiyo ataibeba hadi mwisho.

Ndipo uje msiba. Kaburini umezikwa mgomba badala ya mtoto, na baba mdogo analia kuliko wote. Usiku anahesabu rambirambi, halafu anapima pumba kwa kikombe kumpelekea mtoto aliyemficha bandani. Usionyeshe ulimi ukikatwa. Onyesha mtoto akijaribu kusema "shikamoo", sauti isitoke. Damu ikizidi, msomaji hufa ganzi, na aliyekufa ganzi hachukii.

Makosa mawili humwokoa mwovu bila mwandishi kujua. La kwanza ni kumtungia utoto wa mateso: ukurasa mmoja tu wa viboko alivyochapwa, na huruma imeingia. La pili ni kusema pepo lilimpanda. Hapo lawama yote imehamia kwa pepo. Mwache atende kwa hiari yake, tena kwa faida ndogo kabisa, magunia machache ya mahindi. Faida ikiwa ndogo, ukatili unazidi kuchoma.

Karibu na neno la 2,000, mfungulie mlango wa toba, na uwe wazi kwelikweli. Mama yake mzazi amfuate faragha: mrudishe mtoto, siri ibaki kwetu. Abusu mkono wa mama, aitikie. Asubuhi, uani umekatwa mgomba mwingine.

Siku ya kukamatwa usimlize kwa majuto. Aulize tu nani atamlimia shamba msimu huu.