Kadirio la muda: andikeni kwanza, semeni baadaye

Ukiongoza timu ya watengeneza programu, usiulize kwa sauti "hii itachukua siku ngapi?" Mkongwe akishasema tatu, wadogo wote wanaitikia tatu. Kila mmoja aandike namba yake kwenye karatasi, kisha mfunue kwa pamoja (mtengeneza programu James Grenning aliueleza mchezo huu mwaka 2002). Wa namba ndogo kabisa, tuseme 2, na wa kubwa kabisa, tuseme 8, ndio waongee. Mara nyingi huyo wa 8 kaona kitu ambacho wengine hawakukiwaza, mathalani data za zamani zinazotakiwa kuhamishwa. Wastani msiutafute, unaficha hicho hicho. Kwa kazi ambayo hakuna aliyewahi kuigusa, mchezo huu hausaidii: mtakuwa mnabahatisha kwa pamoja. Hapo mpeni mtu siku moja aichimbe kwanza.