Kusoma njia ya barafu ya kale Kanada kwa QGIS

Mwanafunzi wa kidato cha sita aliniuliza: barafu iliyofunika Kanada zamani imeshayeyuka, tunajuaje ilikuwa inaelekea wapi? Tuliketi kwenye kompyuta, na utaratibu ni huu. Ramani za simu ziache, skrini ndogo itakuchosha bure.

Hatua ya 1. Fungua QGIS, programu ya ramani ya kompyuta, ni ya bure, weka picha za setilaiti.

Hatua ya 2. Nenda Peterborough, Ontario. Utaona vilima vingi vimelala mwelekeo mmoja, kila kimoja kama mtumbwi uliofudikizwa. Hizo ni drumlini, vilima vilivyochongwa na barafu ilipopita juu yake.

Hatua ya 3. Hapa ndipo watu hukwama. Kanada jua la mchana hupiga kutoka kusini, kwa hiyo vivuli huangukia kaskazini, yaani upande wa juu wa picha. Jicho limezoea mwanga utokao juu, basi tuta huonekana mtaro. Kijana wangu alishaandika "bonde" kila penye kilima. Geuza ramani kusini iwe juu, jicho litatulia. Maziwa nayo husaidia, maana maji hukaa chini. Ila vijidimbwi usiviamini, vingine viko katikati ya matuta ya mchanga.

Lakini mimi picha pekee siziamini. Pakua data za mwinuko: kaskazini ya latitudo 60 kuna ArcticDEM, ya bure, yenye piseli za mita 2, Peterborough iko nyuzi 44, kwa hiyo tumia data za serikali ya Kanada. Kisha chagua "Hillshade", yaani kivuli cha kubuni kinachochorwa kutokana na mwinuko. QGIS huweka mwanga nyuzi 315, kaskazini-magharibi. Matuta yanayoelekea huko huko kwenye mwanga hayatoi kivuli, hupotea kabisa! Rudia kwa nyuzi 45, au chagua mwanga wa pande nyingi.

Hatua ya 4. Chora mishale. Ncha butu yenye mwinamo mkali hutazama ilikotoka barafu, mkia mwembamba huonyesha ilikokwenda. Peterborough utapata kaskazini-mashariki kwenda kusini-magharibi.

Hatua ya 5. Hamia magharibi mwa Ghuba ya Hudson utafute eska, matuta membamba ya mchanga na kokoto yaliyoachwa na mito iliyopita chini ya barafu. Eska ya Thelon ina takriban kilomita 800. Zichore kwenye tabaka lake pekee, kwa rangi nyingine: nyingi ni za wakati barafu ikiyeyuka, na mishale yake si lazima ilingane na ya drumlini.