Wanafunzi wa Kiswahili hawaongei? Wape vitu viwili wabishane

Kama unafundisha wageni Kiswahili hii unaijua, unauliza "jana ulifanya nini?" mtu anajibu "nilikula, nikalala", basi, darasa kimya kama msibani. Mimi siku hizi naweka vitu viwili mezani wabishane.

Ila usiulize tu "kipi kikubwa?", atajibu neno moja mmemaliza. Lazima kila mmoja awe na kitu ambacho mwenzake hana. Chukua maziwa (ya maji, sio ya chai, kuna mtu alishaniuliza lita bei gani). Karatasi ya kwanza Victoria: eneo kama kilomita za mraba 68,800, kina mita 80 hivi. Ya pili Tanganyika: eneo kama 32,900, kina mita 1,470. Wakae wamepeana mgongo, marufuku kuchungulia, waulizane mpaka wajue lipi kubwa na lipi lina kina kirefu. Yule wa Victoria ataanza kwa kujidai, "langu kubwa kuliko lako!", akisikia hiyo 1,470 anatoa macho, na hapo ndo maswali yanaanza kumtoka mwenyewe bila kusukumwa.

Kabla hawajaanza andika ubaoni maneno machache tu: kuliko, zaidi, kushinda, sawa na, afadhali. Waliozoea Kiingereza watakwambia "zaidi kubwa", we acha wamalize, nukuu pembeni utarekebisha mwishoni, maana ukimkatiza katikati anarudi kimya na kumtoa tena huko ni kazi. Na ngeli usizirundike zote siku moja, leo ziwa kubwa, kesho mlima mkubwa, wape Kilimanjaro mita 5,895 na Mlima Kenya 5,199, visiwa vitakuja baadaye.

Wakishazoea achana na namba, wape kuchagua. Mnatoka Dar mnaenda Zanzibar, boti au ndege? Mmoja hela imekata, mwingine akiona mawimbi tu anatapika, na lazima wasafiri pamoja, dakika tano wawe wamekubaliana. Hapa "afadhali" inatoka yenyewe, tena kwa sauti.

Pilau na biriani nayo inanoga, ila hakikisha washakula zote mbili, mie niliwahi kuwapa watu walioshuka uwanja wa ndege juzi yake, wakabaki wananiangalia tu, ikabidi tuahirishe somo twende hotelini tukale kwanza.