Django: fankshen moja, apu tatu, kukopi basi

Wakuu habari zenu. Somo la leo ni la yule mwenye projekti ya Django (fremuweki ya Python ya kutengeneza tovuti) yenye apu kadhaa, yaani vipande vya projekti, na kila apu ina kodi ileile aliyokopi na kupesti. Mimi nilikuwa na ya duka, apu wateja, mauzo na meseji, zote tatu zina kale kafankshen ka kugeuza namba ya simu kutoka 0712 kuwa 255712, siku moja mteja kaandika namba yake na nafasi katikati, nikarekebisha kwenye wateja, kwenye meseji nikasahau, wiki nzima watu hawapati meseji na mi nalaumu mtandao tu.

Hatua 1: tengeneza apu ya vitu vya wote, `python manage.py startapp pamoja`, halafu iongeze kwenye orodha ya INSTALLED_APPS ndani ya `settings.py`.

Hatua 2: ndani yake fungua faili `namba.py`, uhamishie humo:

```
def safisha_namba(namba):
    namba = namba.replace(" ", "")
    if namba.startswith("0"):
        return "255" + namba[1:]
    return namba.lstrip("+")
```

Hatua 3: nenda kwenye zile apu ufute kopi zote (futa kweli, sio unaweka # mbele unasema ntafuta kesho), juu ya faili weka `from pamoja.namba import safisha_namba`.

Sasa hapa ndo watu wanaharibu. Apu zote zinachota kodi kwenye apu ya `pamoja`, ila `pamoja` yenyewe haichoti kwa yeyote. Ukiona humo ndani umeanza kumhitaji Mteja (modeli ya apu ya wateja, ndo inayotengeneza tebo yao) ujue hiyo kodi sio ya wote, irudishe kwa wateja, la sivyo baada ya miezi miwili `pamoja` inakuwa stoo ya kila takataka.

Hatua 4, kama modeli zako zinarudia fildi zilezile:

```
class Tarehe(models.Model):
    imeundwa = models.DateTimeField(auto_now_add=True)

    class Meta:
        abstract = True
```

Kisha `class Mteja(Tarehe)`. Ukisahau hiyo abstract, Django inakutengenezea tebo nzima ya Tarehe kwenye databesi.

Maswali

*Mkuu, mimi nikipiga makemigrations inaniuliza default ya imeundwa, nijibu nini?*
Modeli yako ilishakuwepo kabla ya hiyo fildi, Django inataka kujua iweke nini kwenye rekodi za zamani kama zipo. Chagua 1, halafu bonyeza enta, itaweka timezone.now kwa rekodi za zamani.

*Mauzo inaimpoti Mteja, wateja nayo inaimpoti Mauzo, inagoma, inasema partially initialized module. Nayo niipeleke pamoja?*
Hapana dada. Kwenye ForeignKey (fildi ya kuunganisha modeli moja na nyingine) usiimpoti kabisa, andika jina kwa nukuu, `models.ForeignKey("wateja.Mteja", on_delete=models.PROTECT)`, Django itamtafuta yenyewe.

*Naweza kuitumia safisha_namba kwenye templeti?*
Ndio, ila isajili kama filta, faili lake likae kwenye folda `templatetags` ndani ya pamoja, na uweke `__init__.py`. Halafu zima seva uiwashe tena, mi hapo nilipoteza jioni nzima.