Somo: Kuchagua na kutumia mashine ya altrasoniki yenye hita kwa kuosha spea

Mafundi wenzangu, mashine hizi za kuosha spea kwa mawimbi ya sauti (altrasoniki) zimeanza kuingia kwenye gereji za Nakuru na miji ya karibu, na wengi wanazinunua kwa kuangalia lita na bei tu. Ikifika, inajazwa sabuni ya unga, kabureta (kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa) inatumbukizwa na matope yake yote, robo saa baadaye mtu analalamika kwamba ameuziwa takataka. Mara nyingi mashine ni nzima. Nusu ya kazi hufanywa kabla spea haijagusa maji, na nusu iliyobaki inategemea umeweka nini ndani ya maji hayo.

Kwanza tuelewane inavyofanya kazi. Chini ya beseni la chuma kisichoshika kutu pamegundishwa vitetemeshi. Mashine nyingi za gereji zimeandikwa kHz 40, yaani vinatikisa maji mara 40,000 kwa sekunde. Mtikisiko huo huzaa viputo vidogo sana, na kila kiputo kinapobonyea ghafla kando ya chuma hupiga uchafu na kuubandua. Faida yake ni kwamba viputo hutokea popote maji yalipofika, hata ndani ya njia za kabureta ambazo brashi haiingii. Ile jeti ndogo ya kabureta ya bodaboda, yaani kijibomba cha shaba chenye tundu dogo kinacholisha injini pikipiki ikiwa imesimama inanguruma, wengi huizibua kwa uzi wa waya wa breki. Waya unakwangua shaba na kupanua tundu. Mwenye pikipiki anaondoka ameridhika, kisha anarudi akiuliza kwa nini inakunywa mafuta. Kwa jeti hiyo peke yake mashine hii inastahili nafasi kwenye meza yako.

KUCHAGUA

Soma wati, tena uzisome kwa makini. Wauzaji hujumlisha wati za mawimbi na za hita, kisha wanakutajia namba moja kubwa. Mashine ya kawaida ya lita 6 mara nyingi ina wati 180 za mawimbi na 300 za hita. Utaambiwa ni ya wati 480. Kinachosafisha ni zile 180. Gawanya kwa lita: 180 kwa 6 ni wati 30 kwa lita, na hapo kazi inafanyika. Ukikuta beseni kubwa lenye wati chache za mawimbi, liache, hata bei ikikuvutia namna gani.

Kwa ukubwa, lita 2 au 3 zinatosha jeti, vali ndogo na noseli. Kabureta za bodaboda, za pampu za maji na za misumeno ya mbao zinataka lita 6, beseni la kama sentimita 30 kwa 15 na kina cha 15. Anayeshughulika na kabureta za magari au spea za trekta za Njoro na Molo aanzie lita 10. Pima spea yako kubwa zaidi kabla ya kulipa, ukikumbuka kwamba kikapu nacho kinakula nafasi.

Hakikisha ina bomba la kutolea maji, maana kuinua lita 10 za maji moto yenye mafuta ni kujitafutia balaa. Hita iwe na swichi yake, tofauti na ya mawimbi. Na waya wa athi (unaopeleka umeme uliovuja ardhini) uwe umeunganishwa kweli, kwenye mashine na kwenye soketi ya ukuta. Hapa una volti 240, chuma na maji kwa pamoja. Soketi isiyo na athi, usiitumie.

Kabla hujaondoka dukani omba ijaribiwe kwa karatasi ya foili ya jikoni. Maji yajae hadi alama, foili ininginizwe wima bila kugusa chini, mawimbi yawashwe kwa dakika moja hivi. Foili itoke na vishimo na matundu yaliyotawanyika pande zote. Upande mmoja ukiwa umechakaa na mwingine unang'aa vile vile, kuna kitetemeshi kimekufa au kimebanduka. Baada ya jaribio beseni lisuuzwe vizuri, kwani vipande vya foili hubaki majini.

KUTUMIA

Hatua ya 1: fungua kila kitu. Oringi, gasketi, boya la plastiki, diaframu ya mpira na sensa yoyote ya umeme vikae kando. Skrubu ya kurekebisha hewa ina siri yake: kabla ya kuitoa, ifunge polepole hadi iguse mwisho, ukihesabu mizunguko, uandike kwenye karatasi. Usiikaze, ncha yake ni laini. Sasa itoe. Wakati wa kurudisha utaifungua mizunguko ile ile na injini itashika bila kubahatisha. Beringi zilizofunikwa pande zote mbili zisiingie kabisa. Maji yatapenya yakachanganyika na grisi na hutaweza kuyatoa.

Hatua ya 2: ondoa uchafu mzito kwa mkono. Mafuta ya taa na brashi ya kawaida, nje mbali na moto, kisha osha kwa maji ya sabuni hadi mafuta yaishe. Ukiruka hapa, maji yanageuka uji mweusi kwenye spea ya kwanza na zinazofuata zinaogea uchafu wa mwenzao.

Hatua ya 3: jaza maji hadi alama. Mashine isiwashwe ikiwa tupu hata kwa sekunde chache, utachoma hita na vitetemeshi. Maji ya visima vingi vya Bonde la Ufa, Nakuru ikiwemo, yana floridi na chumvi nyingine, na spea ikikauka inabaki na madoa meupe. Mimi nakinga ya mvua kutoka kwenye bati na kuyachuja kwa kitambaa. Weka dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya mashine hizi, kwa kipimo cha kwenye chupa. Ikikosekana, sabuni ya maji ya vyombo kidogo itasaidia kwa uchafu mwepesi. Jiki marufuku, hasa kwenye maji ya moto: klorini hutoboa beseni. Sodakostiki ndiyo mbaya zaidi, inakula alumini ukiiona.

Hatua ya 4: pasha. Kwa kabureta nalenga nyuzi 50 hadi 60. Maji yakikaribia kuchemka viputo hupoteza nguvu, kwa hiyo moto mwingi haukuongezei kitu. Hita ya wati 300 inahitaji karibu saa nzima kutoa lita 6 kwenye nyuzi 20 hadi 60. Una haraka? Anza na maji ya vuguvugu kutoka jikoni. Usimwage yanayotokota ndani ya beseni baridi, kwani vitetemeshi vimeshikwa na gundi na mshtuko wa joto unaweza kuibandua. Joto likifika, washa mawimbi kwa dakika 5 hadi 10 bila spea ndani. Hewa iliyoyeyuka kwenye maji mapya hunyonya nguvu ya mawimbi. Ikitoka, utasikia mlio ukibadilika na kuwa mkali.

Hatua ya 5: tumia kikapu kila mara. Spea ikilala chini ya beseni inazuia mawimbi na kukwangua chuma hadi kitoboke. Zipange zisigusane, na kabureta uizungushe ndani ya maji hadi viputo vikubwa vya hewa vitoke kwenye njia zake. Njia yenye hewa ndani haisafishwi, ukae nayo hata kutwa. Jeti ndogo ziweke kwenye glasi yenye maji ya dawa, glasi ikae ndani ya kikapu, zisije zikapotea.

Hatua ya 6: dakika 8 hivi, zima, toa, tazama, geuza, rudia ikibidi. Utaona moshi wa kahawia ukitoka kwenye matundu, hasa dakika mbili za kwanza. Usipoona mabadiliko baada ya raundi tatu, badilisha maji au dawa kabla ya kuongeza muda, kwa sababu alumini ikikaa mno uso wake huanza kuliwa. Mkono usiingie majini mashine ikiwa imewashwa. Funika kifuniko, na kama unakaa karibu nayo kwa muda mrefu vaa vizibo vya masikio.

Hatua ya 7: suuza kwa maji safi ya moto, puliza kila njia kwa kompresa, macho yakiwa na miwani. Inua jeti kuelekea dirishani. Unatafuta duara kamili la mwanga. Likionekana kama mwezi mchanga bado kuna utando, rudisha. Spea za chuma cheusi zipake mafuta papo hapo, kwa sababu zimebaki uchi na kutu itaanza kabla hujamaliza kunywa chai.

Maji machafu yaache yatulie kwenye ndoo, mafuta yaelee, uyakusanye pamoja na oili chafu ya gereji. Tafadhali yasimwagwe mtaroni. Ziwa Nakuru halina mto unaotoka. Kinachoingia kinabaki humo.

MASWALI YA WANACHAMA

Fundi wa Njoro: Mwalimu, mimi nikiweka petroli badala ya maji si itakata uchafu haraka zaidi?

Jibu: Usijaribu, ndugu yangu. Hita, umeme na mvuke wa petroli kwenye beseni moja ni mlipuko. Mawimbi yenyewe yanapasha na kurusha mvuke hata hita ikizimwa. Thina na spiriti ni vivyo hivyo. Mashine hizi ni za dawa za maji tu.

Mwanachama wa Kisumu: Injekta za petroli, vile vinyunyizio vya mafuta vya injini, nazitumbukiza nzima?

Jibu: Hapana, mkuu. Ncha tu ndiyo iingie, soketi ya umeme ibaki juu ya maji. Pia injekta iliyofungwa haisafishwi ndani, lazima ifunguke na kufunga kwa kifaa cha kuipigia mapigo. Ukiiunga moja kwa moja na betri ya volti 12 na kuiacha, unaweza kuunguza koili. Injekta za dizeli za komoni reli (zinazolishwa na bomba moja la shinikizo kubwa) zipeleke kwa mwenye benchi la kupimia, kwa sababu usafi bila kipimo hautakuambia kama inanyunyiza sawa.

Mwanachama wa Gilgil: Kabureta yangu iliingia ya fedha ikatoka ya kijivu cheusi. Imeharibika?

Jibu: Dawa ilikuwa kali mno, au ilikaa muda mrefu. Dawa nyingi za kuondoa mafuta kwenye injini zina alkali inayogeuza rangi ya alumini na zinki. Pitisha kucha: kama uso ni laini na matundu ni yale yale, ni rangi tu, itafanya kazi. Ukiwa na vishimo kama chunusi, angalia kwa makini pale gasketi inapokaa. Safari ijayo chagua dawa iliyoandikwa kuwa ni salama kwa alumini.

Dada mwenye kinyozi, Nakuru mjini: Naweza kuosha nyembe za mashine za kunyolea humo? Zitakuwa salama kwa wateja?

Jibu: Kuosha ndiyo, dada, zinatoka safi sana: toa nyembe kwenye mashine, osha dakika 3 hadi 5, kausha, paka mafuta. Lakini kuosha si kuua vijidudu. Baada ya hapo lazima uendelee na dawa yako ya kuua vijidudu, kwa muda ulioandikwa kwenye chupa. Na tafadhali usitumie beseni lililooshewa kabureta.

Mwanachama wa Nakuru: Bili ya stima je?

Jibu: Kwa lita 6, hita saa moja ni uniti 0.3, mawimbi ya wati 180 kwa dakika 20 ni uniti 0.06. Hata nusu uniti hujafika. Kusanya spea za siku nzima uoshe alasiri, maji yakiwa yamepashwa mara moja.

Fundi wa Kakamega: Nina bolti na gia za kutu. Nimeosha mara nyingi, kutu imebaki.

Jibu: Sabuni inaondoa mafuta, kutu inataka asidi. Baada ya kuondoa mafuta kabisa, tumia asidi ya ndimu ya unga, gramu 50 kwa lita moja ya maji, kwenye chombo cha glasi au plastiki ngumu kilichowekwa ndani ya beseni lenye maji ya kawaida, ili asidi isiguse beseni. Angalia kila dakika 10. Ikitoka, suuza kwa maji yenye magadi kidogo, kausha kwa kompresa, paka mafuta mara moja. Usiweke humo alumini, zinki wala bolti zilizopakwa zinki, kwa sababu asidi itaondoa ule mpako wote.