Kufunga Stabilaiza ya Nyuma kwenye Gari la Michezo la Zamani
Stabilaiza ni fimbo ya chuma inayounganisha gurudumu la kushoto na la kulia ili gari lisilale sana kwenye kona. Egesha gari mahali tambarare, uinue sehemu ya nyuma kwa jeki, kisha uitegemeze kwa stendi imara, kwa maana jeki peke yake haiaminiki. Bushi (mipira inayoshika stabilaiza) za kubadilisha zilizochakaa huuzwa Barabara ya Kirinyaga, Nairobi; nenda na ile ya zamani ili ulinganishe kipenyo. Nati zote zifungwe kwanza kwa mkono, na za linki (vyuma vifupi vinavyounganisha ncha za stabilaiza na magurudumu) zikazwe mwisho, gari likiwa limekalia magurudumu yake, la sivyo bushi zitabaki zimejipinda na kuchanika mapema. Tafadhali usikimbilie stabilaiza ya chuma kinene: kipenyo kikitoka milimita 12 hadi 14 ugumu hukaribia kuongezeka maradufu, na nyuma iliyo ngumu mno huteleza kwenye kona, hasa lami ya Nairobi inapolowa mvua ya Aprili.